Eksirei kwa kuku wa mayai: namna ya kupiga na kusoma picha za mifupa bila kudanganywa na weupe

Kuku anaweza kukutagia karibu kila siku, anakula vizuri, anagombania chakula na wenzake, kumbe mfupa wa kidari umevunjika sehemu tatu na wewe mwenye banda hujui kitu. Kuna mmoja namkumbuka mpaka leo, alikuwa na wiki 46, nilimpapasa kidari kwa vidole nikaandika "sawa", afu tulipompiga picha nikaona ncha ya nyuma imekatika, ufa mwembamba mweusi kama uzi wa kushonea, na mbele yake kidogo vinundu viwili vya mfupa uliovunjika zamani ukajiunga wenyewe ukiwa umepinda. Ndani ya tumbo yai limetulia, ganda limeshakamilika, linang'aa jeupe kuliko mfupa wowote mwilini mwake. Yaani kalsiamu yote imeenda pale. Nikarudi kwenye karatasi yangu nikafuta lile "sawa", na tangu siku hiyo siandiki kitu kuhusu mifupa ya kundi kwa kutegemea vidole peke yake.

Nayaandika haya kwa yeyote anayetaka kupiga picha kuku wa mayai ajue hali ya mifupa yao, awe daktari wa mifugo, mwanafunzi, mtafiti, au mfugaji mwenye kundi kubwa anayemwita mtaalamu na anataka kuelewa anachofanyiwa. Nitakaa sana kwenye eksirei ya kawaida kwa sababu ndo inayobebeka mpaka bandani, zile mashine nyingine nitazigusa kidogo.

Kabla ya kuwasha mashine, elewa mfupa wenyewe

Hapa watu wengi wanaruka, na ndo hapa wanapokosea. Mifupa ya mtetea kabla hajaanza kutaga ni kama ya ndege mwingine yeyote, gamba gumu kwa nje na uboho ndani. Ila zikibaki kama wiki mbili kabla ya yai la kwanza, homoni ya estrojeni inapanda na ndani ya ule uboho unaanza kuota mfupa mwingine laini, wa vichembe vichembe, ambao kazi yake si kubeba mwili, kazi yake ni kutunza kalsiamu ya ganda. Mimi nauita mfupa wa akiba na nitaendelea kuuita hivyo humu. Ganda moja la yai lina kama gramu 2 za kalsiamu, na sehemu kubwa linajengwa usiku, muda ambao kuku amelala hali chochote, kwa hiyo tumbo likiisha chakula anachota kwenye mfupa wa akiba, kesho akila anaurudishia, usiku anachota tena, hivyo hivyo kila siku anayotaga.

Tatizo ni kwamba chembe zinazojenga mfupa, kuku akishaingia kwenye kutaga zinahamia kujenga akiba, zinaacha kujenga gamba la nje. Na zile zinazobomoa hazichagui sana, zinachota kwenye akiba na kwenye gamba pia. Mwezi baada ya mwezi gamba linakuwa jembamba huku akiba ya ndani ipo na wakati mwingine inaongezeka. Ule udhaifu wa kuku wa kwenye keji, wanaoshindwa kusimama mpaka wanalala ubavu, ulielezwa tangu mwaka 1955, na mzizi wake ni huohuo.

Sasa fikiria hilo kwenye picha. Eksirei inaona madini, haijui madini hayo ni ya gamba au ya akiba. Unaweza kuwa na mfupa wa mguu mweupe pee, unafurahi, kumbe weupe wote uko katikati kwenye uboho na gamba limebaki kama ganda la karanga. Mfupa huo ukiukunja unavunjika kirahisi. Kwa hiyo ukibeba kitu kimoja tu kwenye maelezo haya yote, kiwe hiki: usiulize picha ni nyeupe kiasi gani, uliza weupe umekaa wapi.

Halafu kuna kidari. Mfupa wa kidari unachelewa sana kukomaa, ncha yake ya nyuma ni gegedu bado wakati kuku anaanza kutaga kwenye wiki ya 18 au 20, na unaendelea kugeuka mfupa mpaka mahali kati ya wiki ya 28 na 40. Ndo maana majeraha mengi yako theluthi ya nyuma, na ndo maana kwenye mabanda mengi yaliyochunguzwa zaidi ya nusu ya kuku wanafika mwisho wa kutaga wakiwa wameshavunjika kidari angalau mara moja. Hili si jambo la mfugaji mmoja mzembe.

Hatua ya 1: Chagua kifaa kulingana na swali lako

Kama swali lako ni "kidari kimevunjika au hakijavunjika, na kwa ukubwa gani", mashine ndogo ya eksirei inayobebeka pamoja na pleti ya dijitali inayopokea picha inatosha kabisa. Picha inatokea kwenye laptopu ndani ya sekunde chache, ukikosea unajua papo hapo. Kama swali ni "mifupa ina madini kiasi gani", eksirei hiyohiyo inaweza kujibu ukiongeza kingazi cha alumini ambacho nitakieleza chini, Taasisi ya Roslin kule Uskoti wamefanya kazi nzuri sana ya kupima muundi (mfupa mrefu wa mguu ulio chini ya goti) wa kuku hai kwa njia ya eksirei ya dijitali.

Mashine ya deksa, ile inayotumia mionzi ya nguvu mbili tofauti, inakupa gramu za madini na wingi wake kwa kila sentimita ya mraba, ni nzuri kwa kufuatilia kuku mmoja muda mrefu, lakini nayo inabana kila kitu kwenye picha bapa moja, gamba na akiba vinahesabiwa pamoja. Siti skani ndo inayotenganisha, unauona mfupa kama umekatwa kipande, duara la gamba hili hapa na akiba hii hapa katikati, kila moja unaipima kivyake. Shida yake ni gharama, kumsafirisha kuku, na kumtuliza asicheze. Siti skani ndogo za maabara zinaona mpaka vitundu vya ndani ya gamba, ila mara nyingi hizo ni kwa mfupa uliokwisha kutolewa mwilini. Ultrasaundi inaweza kukuonyesha ufa kwenye ukingo wa kidari kwa kuwa kidari kiko karibu na ngozi, ni salama na haina mionzi, lakini inaishia juu ya mfupa, ndani huoni kitu.

Vidole navyo usivitupe. Papasa kila kuku kabla ya picha, uandike, maana kuna kitu vidole vinaona ambacho picha ya ubavu haioni, nitakifikia.

Hatua ya 2: Mionzi kwanza, kuku baadaye

Hapa sina mchezo. Mashine kubebeka haimaanishi ni nyepesi kwa mwili wako. Pata kibali kinachotakiwa na mamlaka ya mionzi ya mahali ulipo, na awepo mtu aliyefundishwa. Kila anayesimama karibu avae aproni ya risasi na kinga ya shingo, awe na kibeji cha kupimia mionzi. Mikono haiingii kwenye uwanja wa mionzi, hata ukiwa na glavu za risasi, glavu ni kwa ajili ya mionzi inayotawanyika si ile ya moja kwa moja. Kiwango cha kimataifa kwa mtu anayefanya kazi hii ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa mwaka, kwa mtu wa kawaida ni 1 tu, sasa yule kijana wa banda anayekuja kukusaidia kushika kuku kwa siku moja ni mtu wa kawaida, mhesabie hivyo. Mjamzito asiwepo kabisa, watoto wasiwepo.

Umbali ndo kinga rahisi kuliko zote. Ukisimama mita 2 badala ya mita 1 unapata robo tu ya mionzi, si nusu. Ukipiga kuku 100 kwa siku hiyo tofauti ni kubwa mno. Elekeza mashine upande ambao nyuma yake hakuna mtu wala njia ya kupita, na usiutegemee ukuta wa bati au wa turubai kuwa kinga.

Mfugaji atakuuliza kama mayai yatakuwa na mionzi. Mjibu kwa uhakika kwamba hapana, eksirei ikizimwa imekwisha, haibaki kwenye nyama wala kwenye yai. Dawa ya usingizi ndo inabaki. Kwa hiyo kuku ambao mayai yao yanaliwa usiwachome dawa ya kutuliza kwa ajili ya picha, na kama imelazimu, mayai yatupwe kwa muda wote ambao daktari ameelekeza.

Hatua ya 3: Chagua kuku bila kupendelea

Kuku anayekamatika kirahisi si mfano wa kundi. Wale waliolala pembeni hawana nguvu mara nyingi ndo wenye mifupa mibovu, na wale walioko juu kabisa kwenye vichanja ndo wenye nguvu, ukichukua wa mlangoni tu umeshapindisha majibu kabla hujapiga hata picha moja. Gawa banda kwenye sehemu, chini, katikati, juu, karibu na viota, kisha chukua idadi sawa kila sehemu.

Wangapi? Tuseme nusu ya kundi wamevunjika kidari. Ukipiga 20, jibu lako linaweza kuyumba asilimia 22 huku na huku, ukipiga 50 linayumba kama 14, ukipiga 100 linayumba kama 10. Mimi naona 50 ni mahali pazuri kwa banda moja, ikishuka chini ya 30 usijisumbue kulinganisha banda na banda.

Kama unaweza, weka pete za namba miguuni ufuatilie kuku walewale. Picha ya mara moja inakuambia kuna nini leo, picha tano za kuku mmoja zinakuambia lini kilivunjika, na ukijua lini unaweza kutafuta nini kilitokea wiki hiyo. Piga ya kwanza kabla hawajaanza kutaga, kwenye wiki ya 16 hadi 18, hiyo ndo msingi wako. Baada ya hapo piga angalau kila wiki 8 au 10, na usiache pengo kubwa kati ya wiki ya 25 na 50 kwa sababu ndo kipindi ambacho mivunjiko mingi inajitokeza.

Na saa iwe ileile. Akiba inapanda na kushuka kulingana na yai liko wapi, ukimpiga kuku leo asubuhi na mwezi ujao jioni umebadilisha vitu viwili kwa mkupuo mmoja. Andika pia kama kuna yai lenye ganda tumboni, picha yenyewe itakuonyesha.

Hatua ya 4: Kumkamata na kumtuliza

Punguza mwanga wa banda. Kamata kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, mbebe wima kifuani kwako. Kumshika mguu mmoja akaning'inia akapiga mabawa, hapo unaweza kumvunja wewe mwenyewe halafu ukamsoma kwenye picha kama mgonjwa. Na ana yai tumboni, mfinyo ukizidi linapasuka ndani, kuku huyo anaweza kufa.

Kreti zisijazwe, joto la kwenye kreti linaua haraka kuliko watu wanavyodhani. Mfunike macho kwa soksi laini iliyokatwa ncha, ukiacha mdomo na pua wazi, utashangaa anavyotulia, kichwa kinashuka, anapumua taratibu. Sekunde kumi tu za kusubiri pale zinakuokolea picha ya kurudia.

Kama unahama banda kwa banda, anza na kuku wadogo kwanza, wakubwa mwisho, pleti iwe ndani ya mfuko wa plastiki unaobadilisha kila banda, na miguu ya stendi iwekewe dawa. Mashine inayozunguka mashamba bila kusafishwa inasafirisha magonjwa vizuri sana.

Hatua ya 5: Mkao na kupiga

Kwa kidari unahitaji picha ya ubavu. Kuna wanaomning'iniza kuku miguu juu kwenye ndoano laini mbele ya pleti, anatulia na kazi inakwenda haraka. Mimi sipendi kufanya hivyo kwa kuku mzito au mwenye shida ya kupumua, tena mwenye kidari kilichovunjika anaumia, kwa hiyo namlaza ubavu juu ya sponji ngumu lililolazwa kwenye pleti. Mabawa yote mawili yapelekwe juu mgongoni yafungwe kwa mkanda laini, miguu ivutwe nyuma. Hiyo miguu usiipuuze, mapaja yakibaki yamekunjwa yanaangukia juu ya ncha ya kidari, na ncha ndo kitu ulichokuja kukitafuta.

Hakikisha kuku amelala ubavu kamili. Namna ya kujua kwenye picha: viungo vya mabega viwili vinakaa mmoja juu ya mwingine, ukiona viwili vimeachana ujue amezunguka, na kidari kilichozungushwa kinaonekana kifupi na kimepinda hata kama kimenyooka.

Umbali kutoka mashine mpaka pleti sentimita 100, usibadilishe. Anza karibu na kV 50 (nguvu ya mionzi) na mAs 2 mpaka 4 (wingi wa mionzi) kwa kuku wa kilo moja na nusu hadi mbili, afu rekebisha kulingana na mashine yako, ukishapata mpangilio mzuri uandike na usiuguse tena mpaka mwisho wa mradi. Muda wa mionzi uwe mfupi kadiri mashine inavyoweza, kidari kinapanda na kushuka kwa kila pumzi, na mpigo mrefu unafuta ule ufa mwembamba. Subiri mwisho wa kutoa pumzi, bonyeza.

Kwa mifupa ya mguu na bawa, nyoosha muundi juu ya pleti, na kama una nafasi piga pia mfupa wa juu wa bawa. Ule wa bawa una siri nzuri: ndani yake ni hewa, umeunganishwa na vifuko vya hewa vya mwilini, kwa hiyo mara nyingi hauna akiba. Weupe wake ni wa gamba tupu. Muundi ukiwa mweupe na wa bawa ukiwa umepauka, umeshapata picha halisi ya kuku huyo.

Hatua ya 6: Kingazi cha alumini

Kama unataka namba na si macho tu, kila picha iwe na kingazi cha alumini safi, kipande kimoja chenye ngazi za unene unaoujua, kuanzia nyembamba kuliko mfupa mpaka nene kuliko mfupa. Kikae mahali palepale kila mara, maana mionzi ya mashine haiko sawa upande huu na ule. Kwenye kompyuta unasoma kivuli cha kila ngazi, unachora mstari, afu unasoma kivuli cha mfupa na kukigeuza kuwa milimita za alumini. Usisahau kutoa nyama: soma kivuli cha nyama pembeni kabisa mwa mfupa, ukitoe.

Kitu ambacho kimeharibu kazi za watu, pamoja na kazi yangu ya wiki nzima, ni programu ya mashine inayorembesha picha. Inang'arisha na kusawazisha kila picha kivyake ili ipendeze machoni, na ikifanya hivyo kuku dhaifu na kuku imara wanatoka na weupe unaofanana. Mimi niligundua nilipoona kingazi kilekile kinasomeka tofauti kwenye kila picha. Zima urembeshaji wote, hifadhi faili ghafi la DICOM (aina ya faili la picha za kitabibu), usipime chochote kwenye picha iliyotumwa kwa simu.

Hatua ya 7: Kusoma kidari

Fungua picha ukubwa kamili, chumba kiwe na giza kidogo. Anza mbele, fuata ukingo wa chini kwa jicho polepole mpaka ncha ya nyuma, kisha rudi kwa ukingo wa juu. Usianze na ncha kwa sababu ukiona kitu pale utaridhika na kuacha mengine.

Mvunjiko mpya una kingo kali, mstari mweusi, wakati mwingine vipande viwili vimepishana. Wa wiki kadhaa unaonekana kama wingu jeupe lisilo na mipaka limezunguka ufa, huo ndo mfupa mpya unaojaribu kuunga. Wa zamani ni kinundu kigumu chenye kingo safi, ufa haupo, ila mstari wa mfupa umeruka au umekunjika pale. Kuku mmoja anaweza kuwa na vyote vitatu, hesabu kila kimoja na uandike kiko theluthi ipi.

Gegedu halionekani kwenye eksirei. Kwa kuku wa wiki 20 ncha ya nyuma "haipo" kwenye picha, na mtu mgeni anaandika imekatika. Haijakatika, haijawa mfupa bado. Ndo maana nilisema piga kabla ya kutaga, uwe na ya kulinganisha.

Kupinda nako si kuvunjika. Kidari kinaweza kupinda taratibu kwa sababu kuku analala kwenye kichanja chembamba kila usiku, mfupa umekunjika bila ufa wala kinundu. Kikipinda kwenda juu au chini utakiona kwenye picha ya ubavu, kikipinda kushoto au kulia kama herufi S huoni kitu, picha inatoka safi kabisa. Hapa ndo vidole vinashinda eksirei, na ndo maana nilisema upapase kwanza.

Ukali uupime kwa kipimo, si kwa "kidogo" na "sana". Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, walitoa njia ya kuweka alama kwenye mstari wa 0 mpaka 5 huku ukiwa na picha za mfano pembeni kwa kila hatua, 0 hakuna mvunjiko, 5 mbaya kupita kiasi. Ni rahisi kujifunza na wasomaji tofauti wanakubaliana vizuri. Msomaji asijue kuku ametoka banda lipi wala anakula chakula gani. Wasome wawili, kila mmoja peke yake, na baada ya wiki changanya picha 20 za zamani uzisome tena bila kuangalia alama za mwanzo. Ukiona wewe mwenyewe hukubaliani na wewe, simama, rudia mazoezi kabla ya kuendelea.

Hatua ya 8: Kusoma muundi

Angalia katikati ya mfupa, mahali ambapo kingo ziko sambamba. Kuku mwenye gamba zuri ana mistari miwili myeupe iliyokolea pembeni na katikati pamefifia zaidi. Gamba likiisha na akiba ikijaa, mistari ile inapotea, mfupa mzima unakuwa na weupe mmoja wa punjepunje kama chokaa iliyomwagwa. Huyo ndo yule anayedanganya kipimo. Pima unene wa gamba kila upande, pima upana wa mfupa mzima, andika uwiano. Pale ambapo akiba imefunika ukingo wa ndani wa gamba usilazimishe namba, andika "haipimiki", hiyo nayo ni habari.

Kwa mitetea ambao hawajafika kutaga angalia pia sehemu ya mfupa inayokua karibu na goti. Ikiwa pana kupita kawaida na kingo zimechakaa chakaa, fikiria matege, yaani upungufu wa vitamini D3, kalsiamu au fosforasi kwenye chakula cha kukuzia. Hapo unaweza bado kurekebisha, na ni afadhali kujua kwenye wiki ya 10 kuliko wiki ya 60.

Hatua ya 9: Unampelekea mfugaji nini

Usimpe wastani tu. Mwonyeshe picha, mwache aguse kidari cha kuku huyohuyo huku anaangalia skrini, hapo anaelewa ndani ya dakika moja kitu ambacho ripoti ya kurasa kumi haimwambii. Kisha mweleze kwa makundi mawili. Mifupa ikiwa na gamba zuri lakini vidari vimevunjika vingi, tafuta kwanza kwenye jengo: vichanja viko juu sana, kuku wanaruka gizani, hakuna rampu za kushukia (rampu zimeonekana kupunguza mivunjiko kwenye mabanda ya ghorofa), au taa zinazimwa ghafla kabla hawajapanda. Gamba likiwa jembamba kundi zima, tafuta kwenye chakula. Kuku anayetaga sana anahitaji kama gramu 4 za kalsiamu kwa siku, na sehemu ya chokaa iwe punje za milimita 2 hadi 4, si unga mtupu, kwa sababu punje zinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka taratibu usiku, muda uleule ambao ganda linajengwa. Hiyo inapunguza kuchota kwenye mfupa.

Yote mawili yakiwepo, rekebisha yote mawili, ila piga picha tena baada ya wiki 8 ujue kipi kimefanya kazi. Usimwahidi kwamba mivunjiko ya zamani itapotea, vinundu vitabaki. Unachokitafuta ni mivunjiko mipya kupungua.

Hatua ya 10: Hakiki kwa kuku waliokufa

Kuku wenye pete wakifa au kundi likiondolewa, usiwaache waende bila kuwafungua. Chuna ngozi ya kifua, toa kidari kizima, safisha nyama, kiweke pembeni ya picha yake ya mwisho. Utakuta kuna nyufa ndogo kwenye ncha ambazo ulizikosa, na kuna sehemu uliyoandika mvunjiko kumbe ulikuwa ni ukingo wa ini umepita juu yake. Andika idadi ya zote mbili, ulizokosa na ulizozua. Muundi nao upasue kwa msumeno mwembamba katikati uangalie gamba kwa macho, lipime kwa kalipa, linganisha na ulichopima kwenye skrini. Kama kuna maabara ya kupima nguvu ya kuvunja mfupa, peleka miundi ya upande uleule, wote wa kulia au wote wa kushoto, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chenye maji chumvi na kugandishwa, kwa sababu mfupa uliokauka unavunjika tofauti na mbichi.